Chumba nilichokiona mwezi wa kumi: uzoefu wangu wa kupanga karibu na chuo Mbeya

Nianze na nyota kabisa, mwenye haraka azichukue aende zake. Chuo: nne kwa tano. Chumba: tatu na nusu. Njia ya kutoka geti la chuo hadi kwenye hicho chumba: moja.

Jina la chuo na la mtaa siyataji. Mwenye nyumba bado anapangisha, na sitaki ugomvi na mtu aliyenirudishia kodi ya miezi miwili bila kelele. Jua tu ni Mbeya mjini, upande uliojaa wanachuo.

Nilifika mwishoni mwa Oktoba, mwaka wa kwanza, nina begi, godoro na barua ya udahili. Hosteli za ndani zimejaa. Dalali akanipeleka kuona chumba saa saba mchana, jua kali na vumbi. Kutoka getini ni dakika kumi na mbili kwa mguu: unakatiza viwanja vitupu, unavuka kijito kikavu juu ya magogo mawili, umefika. "Unaona dada, chuo kile pale. Hata ukisahau kalamu unarudi kuchukua." Na kweli, ukisimama mlangoni unaliona paa la maktaba. Dirisha lina nondo, luku ya peke yangu, maji ya bomba uani. Nikalipa kodi ya miezi sita na ya mwezi mmoja ya dalali, nikampigia mama kumwambia mambo yamekaa vizuri.

Ambacho dalali hakusema, na mimi mtoto wa Dar sikujua, ni kwamba huku kiwanja kitupu ni shamba linalosubiri mvua. Ilipoanza kunyesha, watu wakatoka na majembe, na wala sikushtuka. Niliona ni jambo la kupendeza, nikapiga na picha. Kufika Februari mahindi yamenipita kichwa pande zote mbili. Ile njia pana ya Oktoba imekuwa uchochoro wa mtu mmoja, majani yanakukwaruza mashavu. Kijito nacho kimepata sauti, magogo yanateleza, na paa la maktaba silioni tena.

Jumanne kipindi cha mwisho kilikuwa kinaisha saa mbili usiku. Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tatu, manyunyu, niko peke yangu kwa sababu mwenzangu alikuwa na homa. Simu ndiyo tochi yangu, kwa hiyo nimeinyoosha mbele kama mtu anayempa mwenzake kitu. Mkono ukatoka kwenye mahindi ukaipokea. Hivyo tu. Niliona mkono wa sweta la kijani lililofumuka, sura sikuiona. Hakukimbia hata. Alirudi hatua mbili nyuma, mahindi yakatikisika, kisha kimya, na mimi nimebaki gizani sijui nimuogope yeye au yale magogo yaliyo mbele.

Polisi nikapata RB, ile namba ya taarifa ya wizi, laini nikairudisha kwa namba ya NIDA na alama za vidole, hayo yaliisha siku ile ile. Kilichonikaa moyoni ni mjumbe wa mtaa. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikamwamkia, nikaeleza. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, ulikuja lini kujiandikisha kwangu?" Sikuwahi. Sikujua hata nyumba yake, miezi minne na ushee naishi hatua mia kutoka kwake. "Ungekuja tungekwambia. Mwezi wa pili mpaka wa tano hata sisi hatupiti huko chini usiku. Tunazunguka juu."

Kumbe mtaa mzima una njia mbili, ya kiangazi na ya masika, na mpangaji anaonyeshwa ya kiangazi tu.

Njia ya juu ni dakika ishirini na tano. Nikahamia huko, kwa bibi mmoja, nesi mstaafu, chumba kidogo kuliko cha kwanza na bei kubwa kidogo. Geti anafunga saa nne kamili. Ukichelewa utaeleza ulikuwa wapi, na ataeleza mama yako. Nilinung'unika sana (bado nanung'unika, mtu wa miaka ishirini na mmoja kuulizwa kama wa darasa la tano). Lakini bibi anawajua bodaboda wote wa kijiwe cha pale kona kwa majina na majina ya mama zao. Wao wananijua kama "mjukuu wa nesi." Hakuna aliyewahi kunisumbua.

Pale kona kuna muuza chipsi. Taa za barabarani hakuna, ila yeye ana balbu moja kubwa inayomulika hadi kwenye daraja, na anafunga saa tano. Wiki aliyokwenda msibani Kyela ndiyo niligundua kwamba ile balbu ndiyo ulinzi wangu. Giza lilikuwa lile lile la kwenye mahindi.

Sasa mambo mawili ambayo wanachuo hawayaweki kwenye hesabu ya usalama, wakidhani usalama ni vibaka tu.

La kwanza ni barabara ya Tanzania na Zambia. Inalipasua jiji katikati: Uyole, Sae, Mama John, Kabwe, Mafiati, Iyunga, ndipo malori yanaendelea Tunduma. Ukipanga ng'ambo ya chuo, utaivuka mara mbili kwa siku, na sehemu nyingine lori linakuja likiwa linashuka mlima. Rafiki yangu alipata chumba kizuri ng'ambo, akahama baada ya muhula mmoja. Alisema alichoka kusali mara mbili kwa siku.

La pili ni baridi. Mbeya ipo juu, yapata mita 1,700, na Juni na Julai usiku unatetemeka chini ya mablanketi mawili. Chumba chetu cha jirani wasichana wawili waliingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi. Unasikia kichwa kizito, unadhani ni uchovu, unalala. Mmoja aliamka kwenda kutapika, ndiyo pona yao. Bibi alikuja kukagua kila chumba kesho yake, akatoa majiko yote uani. Kwa hiyo ukikagua chumba huku, angalia dari na mapengo ya dirisha, maana chumba chenye baridi ndicho kinachomshawishi mtu aingize jiko.

Mwaka jana mdogo wangu alipata nafasi Mkwawa, Iringa, kile chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Nikamsindikiza, safari hii nina macho. Iringa ina bahati yake: mji umekaa juu ya kilima na barabara kuu imebaki kule bondeni Ipogolo, malori hayakatizi kati ya wanafunzi. Watu wanasalimia sana. Ukisema "kamwene" umeshapata wa kukuelekeza. Baridi ipo vilevile, na upepo.

Dogo akapata kitanda ndani ya chuo, lakini nilijua atatoka mwaka wa pili kama wote. Kwa hiyo tulizunguka mitaa ya jirani saa mbili usiku, yeye kanuna ananiambia nimekuwa kama mama. Nilikuwa natazama taa zinatoka wapi. Duka lipi linafunga mwisho. Wasichana wanatembea wawili wawili au mmoja mmoja. Sehemu moja tulikuta wanafunzi wanapita kwa makundi ya watano watano bila kuongea, tukageuza pale pale.

Juzi kanitumia picha ya chumba alichopata Kihesa. Kizuri, kina vigae, bei imeniuma kwa wivu. Nyuma kwenye picha inaonekana njia inayokwenda chuoni, nyeupe, imenyooka, na pande zote mbili ardhi nyekundu iliyopigwa matuta. Nimemuuliza wamepanda nini. Kajibu, "Sijui dada, bado hakijaota."

Nimemwambia asilipe miezi sita. Alipe mitatu, kisha aende kwa mjumbe amuulize watu wanapita wapi mwezi wa pili.