Kisa Kinachofuata Saa na Kisa Kilichogeuzwa

Katika vibanda vya video vya Ujiji, mjini Kigoma, mpangilio wa kisa ndio unaoamua kama filamu ya kusisimua itawashika watazamaji. Muundo uliozoeleka hufuata saa: utulivu, uhalifu, msako unaozidi kubana, kilele, kisha utatuzi. Kwa kuwa mtazamaji anajua alipo, anaweza kuonyeshwa bomu chini ya meza kabla wahusika hawajaligundua, hali ya taharuki ambayo mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock aliitofautisha waziwazi na mshtuko wa ghafla. Nimeona benchi zima likiinama mbele, kahawa ikipoa mikononi, kwa sababu tu kitasa cha mlango kilizunguka polepole.

Muundo uliogeuzwa hudai zaidi. Katika filamu ya Memento (2000) ya mwongozaji Christopher Nolan, matukio ya rangi hurudi nyuma huku yale ya nyeusi na nyeupe yakisonga mbele, na hivyo tunamwelewa kwa ndani mtu asiyeweza kutunza kumbukumbu mpya. Mbinu hiyo naiheshimu sana. Hata hivyo, umeme ukikatika kwa dakika 10, au sauti ya anayetafsiri ikifunika mazungumzo, uzi hupotea kabisa. Kwa kibanda kilichojaa ningechagua muundo wa kwanza. Wa pili ningeutazama nyumbani, tena mara mbili.