Bledi ya Freud meno 24 kwenye mashine ya meza, nilivyoiona hapa Malindi

Mafundi wenzangu mnaouliza kila siku ninunue bledi gani ya msumeno wa meza, haya. Mimi natengeneza milango na vitanda hapa Malindi, kazi nyingi ni mvule na mwembe, na hii Freud ya Muitaliano, ile nyekundu, nimeitumia vya kutosha kuisema mazuri na mabaya.

Mvule kwanza. Wenye kuujua wanajua ule mti una mawe, sio hadithi, ni chokaa imeganda ndani, unapasua vizuri mara unasikia kwaaa, cheche, ukitazama kuna donge jeupe kwa ubao, na bledi ya chuma kitupu meno yashalala. Ndio maana lazima kabaidi, yaani vijipande vigumu kuliko chuma vinavyobandikwa kwenye ncha za meno, lakini wallahi kabaidi nazo zinatofautiana. Kuna moja ya bei poa niliuziwa, kwa boksi imeandikwa kabaidi na ni kweli ni kabaidi, ila kijipande chenyewe chembamba kama ukucha wa mtoto, jino moja likang'oka likapita karibu na sikio, halafu kibati chenyewe cha bledi kikipata moto kinacheza ubao unatoka na mawimbi. Hii Freud kabaidi yake nene, unainolesha na kuinolesha tena kabla haijaisha.

Sasa watu wakiona meno 80 wanadhani ndio bora kushinda 24, hapana bana, inategemea kazi. Kupasua kwa urefu unataka meno machache, kati ya jino na jino kuwe na nafasi unga utoke, ukiweka 80 pale unga unakwama, unasukuma kwa nguvu, moshi, ubao unatoka mweusi ubavuni. Lakini kukata kichwa cha ubao, yaani kukatiza nyuzi, hii 24 inachana nyuzi vibaya sana, hapo tafuta 60, plaiwudi hata 80. Mwenye pesa ya moja tu achukue 40, haitakuwa bingwa popote lakini kazi itaenda.

Lawama sasa. Yangu ni ya Ulaya, milimita 250, tundu 30, na shafti ya mashine yangu ni 25.4, ikabidi nichongeshe bushi, kile kipete cha kujaza nafasi ya tundu, na bushi ikilegea hata kidogo bledi inayumba, so pima shafti kabla hujalipa. Soma pia namba ya mizunguko iliyochapwa kwa bledi, isiwe chini ya ya mashine. Na kile kisu cha nyuma kinachozuia ubao usibane, kiwe chembamba kuliko mkato wa bledi (yangu inakata milimita 3.2), la sivyo ubao unagota hapo katikati ya kazi na hapo ndipo watu hukatika vidole.

Ikianza kuunguza mbao usikimbilie dukani, mara nyingi ni utomvu tu, itoe, mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ipanguse ikauke, rudisha.