Tor au VPN: ipi ikufae?

Swali hili haliishi kwa wanaotaka kuficha nyendo zao mtandaoni. Tor ni mtandao unaoficha wewe ni nani, na hutumika kupitia kivinjari chake; VPN ni huduma inayopitisha data yako, ikiwa imefichwa, kwenye seva ya kampuni moja. Kwa gharama, Tor ni bure. VPN nzuri hulipiwa, na zile za bure ndizo ninazoziogopa zaidi, maana mwenye seva anaweza kuona tovuti unazozitembelea. Tor hupitisha data yako kwenye vituo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachojua kwa pamoja wewe ni nani na unakwenda wapi. Ndiyo pia inayofungua anwani za .onion, yaani tovuti zilizo ndani ya Tor, kama ile ya BBC iliyozinduliwa 2019. Lakini ni nzito: video hukwama, na kila mara unaombwa uthibitishe kuwa wewe si roboti.

Kwa Wi-Fi ya hotelini, VPN inatosha. Mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake, atumie Tor. Aliyeko Tanzania akumbuke tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) la 2023 kuhusu kusajili VPN.