Pakiti ya Mbegu za Protea Kutoka Cape Town: Mbegu Bora, Maelekezo Haba

Aliyepata kutembelea bustani ya Kirstenbosch, iliyoanzishwa mwaka 1913 kwenye mteremko wa mashariki wa Table Mountain, haondoki Cape Town bila kutamani walau kichaka kimoja cha Protea cynaroides, ua la taifa la Afrika Kusini, ambalo likichanua vizuri huweza kufikia upana wa sentimita 30. Kusafiri na mche wenye udongo ni kujitafutia matatizo mpakani, kwa hiyo nilinunua pakiti ya mbegu katika duka moja la zawadi mjini humo.

Mbegu zenyewe sina la kuzilaumu. Zilikuwa kavu, nzima, zimefunikwa na vinyweleo vya rangi ya hudhurungi, na ndani ya pakiti mlikuwa na kipande cha karatasi kilichofyonza moshi, ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichostahili bei yote. Mimea mingi ya vichaka vya Rasi, yaani eneo la Cape, huzaliwa upya baada ya moto kupita, na kemikali zilizomo katika moshi huiarifu mbegu kwamba wakati wa kuota umewadia. Karatasi hiyo hutiwa katika maji kidogo ya uvuguvugu, kisha mbegu huachwa humo kwa saa 24 kabla ya kusiwa. Maji hugeuka rangi na chumba kizima hunuka jiko la kuni. Zaidi ya nusu ya mbegu zangu ziliota, jambo ambalo si haba kwa mmea unaojulikana kwa ukaidi.

Kasoro kubwa imo katika kijikaratasi cha maelekezo, kinachomshauri mnunuzi aweke mbolea ya kawaida ya bustani mara kwa mara. Ushauri huo unaweza kuua mche. Protea imezoea udongo wa kichanga, wenye asidi na usio na rutuba, na huota vishada vya mizizi myembamba sana karibu na uso wa ardhi, vyenye uwezo wa kukamua fosforasi, kirutubisho kilichomo katika mbolea ya kawaida, mahali ambapo karibu haipo. Ikimwagiwa fosforasi nyingi, hushindwa kujizuia kuifyonza, majani yakaanza kuungua. Mizizi hiyo hiyo haipendi kuchokolewa kwa jembe, wala kusimama katika maji. Kijikaratasi hakisemi pia kwamba mbegu huota vizuri zaidi pale ambapo usiku ni wa baridi na mchana una joto la wastani, habari ambayo ingemwokolea mkazi wa mwambao fedha zake. Wakazi wa nyanda za juu wana nafuu, na si ajabu, maana hata Kilimanjaro ina protea yake ya asili.

Kuhusu huduma, wauzaji walikuwa wachangamfu, lakini hakuna aliyetaja cheti cha afya ya mimea hadi nilipouliza, ilhali nchi nyingi hudai cheti hicho, na mara nyingine kibali cha kuingizia mbegu, hata kwa pakiti ndogo. Picha ya ua lililochanua mbele ya pakiti nayo haiambatani na onyo lolote kwamba kichaka kilichooteshwa kwa mbegu huchukua takriban miaka 4 hadi 5 kabla ya kutoa ua la kwanza.

Ningeinunua tena kwa ajili ya mbegu na ile karatasi ya moshi, cheti kikiwa mkononi kabla ya kulipa.