Kind of Blue ya Miles Davis: anza kwa kupima upande wa kwanza

Kwa zaidi ya miaka 30 upande wa kwanza wa Kind of Blue, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Mmarekani Miles Davis, uliuzwa ukiwa na noti zilizopanda kuliko zilivyopigwa, na wasikilizaji wengi hawakushtuka. Machi 2, 1959, Miles Davis na wenzake waliporekodi So What, Freddie Freeloader na Blue in Green katika studio ya kampuni ya santuri ya Columbia ya Mtaa wa 30, New York, jengo lililowahi kuwa kanisa, mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizungusha utepe polepole kuliko kipimo. Utepe wa namna hiyo ukichezwa kwa kasi sahihi hukimbia: wimbo unafupika na noti zote zinapanda, hapa karibu robo toni, yaani nusu ya hatua kati ya vitufe viwili jirani vya piano. Kikao cha pili, Aprili 22, hakikuwa na kasoro hiyo, ndiyo maana All Blues na Flamenco Sketches za upande wa pili hazina tatizo. Marekebisho yalianza na toleo la 1992, lililotumia utepe wa akiba kutoka mashine nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya bei na jalada, mnunuzi aulize toleo. Kupima ni rahisi. So What imesimama juu ya noti ya D: bari (vipande sawa vya mapigo) 16 kwenye skeli, yaani ngazi ya noti, iitwayo Dorian ya D, 8 zinapanda nusu toni hadi E bapa, kisha 8 zinarudi D. Chukua piano au kinanda kilichotyuniwa, piga D huku besi ya Paul Chambers ikitembea. Ikikaa, nakala imesahihishwa. Ikikwaruza kana kwamba wimbo uko katikati ya D na E bapa, nakala ina kasi ya zamani. Urefu nao unasema kitu: So What iliyosahihishwa ina dakika 9 na sekunde kama 22, na ile ya zamani ni fupi kwa robo dakika hivi. Mpiga gitaa anaweza kukaza nyuzi akaifuata nakala ya zamani. Mpiga piano hana la kufanya. Mwenye gramafoni yenye kirekebisha kasi apunguze taratibu mpaka D ikae, ila akumbuke kukirudisha sifuri kabla ya kugeuza santuri, la sivyo atauharibu upande usio na kosa.

Je, tofauti hiyo ina maana kwa asiyepiga chombo chochote? Ndiyo. Kwa kasi sahihi besi inakuwa nzito zaidi, na mpiga saksafoni John Coltrane hasikiki kama mtu anayekimbizwa. Nakala ya zamani ina uchangamfu ambao hakuna aliyeupiga.

Sasa muziki wenyewe. Solo za So What zinafuatana hivi: Davis, John Coltrane, Cannonball Adderley, kisha Bill Evans kwenye piano. Wenye tarumbeta na saksafoni wanapata mizunguko miwili ya bari 32 kila mmoja, Evans mmoja. Anayeisikia kwa mara ya kwanza mara nyingi huchanganya saksafoni mbili. Tumia matoleo ya stirio na spika zilizoachana: Coltrane, mwenye teno (saksafoni ya sauti nzito), yuko kushoto, Adderley, mwenye alto (ya sauti ya juu zaidi), yuko kulia. Nakala ya mono, yenye sauti zote kwenye njia moja, haikupi msaada huo. Baada ya siku chache hutahitaji tena spika, kwa sababu Coltrane anaparua skeli kama anayetafuta kitu kilichopotea ndani yake, na Adderley anaimba tu. Mlango wa solo ya Davis ni pigo moja la toazi la Jimmy Cobb, kubwa kuliko lilivyostahili, na bila pigo hilo wimbo ungepungukiwa.

Freddie Freeloader ni bluzi ya bari 12, na piano ni ya Wynton Kelly, si ya Evans, hapa tu. Ni wimbo mzuri uliowekwa mahali pabaya, maana ucheshi wa Kelly unavunja ukimya ambao So What imeujenga na Blue in Green inauhitaji. Ukitaka kuujua mwendo wa Kelly, msikilize mwanzoni, yeye ndiye anayetangulia kwenye solo.

Blue in Green ina mzunguko wa bari 10, si 12 wala 16, ndiyo maana sikio halijui unapoanzia. Adderley hayumo. Mtunzi aliyeandikwa mwanzoni ni Davis, na Evans alidai kuwa ni wake; anayezisikia kordi zile hataona ugumu wa kumwamini Evans. Kwenye santuri ndio wimbo unaoumia zaidi. Upande wa kwanza una karibu dakika 25, na Blue in Green imekaa mwishoni kabisa, karibu na lebo. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 50 kwa sekunde ukingoni, lakini karibu na lebo ni kama 21 tu, kwa hiyo mawimbi yanabanana kwenye mfereji. Tarumbeta iliyozibwa mdomo kwa kizibo, yenye sauti nyembamba na kali, ikikutana na sindano iliyochakaa au iliyofungwa upande, hutoa mchakacho. Ukisikia mchakacho huo kwenye Blue in Green na si kwenye So What, usiilaumu santuri kabla ya kuikagua sindano na mpangilio wake.

Upande wa pili una mtego mwingine: baadhi ya nakala za mwanzo zilibadilishana majina ya nyimbo zake mbili. Usitegemee maandishi. Wenye mwendo wa 6/8 (mapigo sita kwa kila bari) na piano inayotetemeka chini yake ni All Blues, bluzi ya bari 12 kwenye G. Davis ameziba tarumbeta kwenye kiini cha wimbo, yaani melodi yake kuu, kisha anaifungua kwa solo. Dakika zake 11 na nusu ni nyingi kidogo. Mtetemo ule unachosha kabla Evans hajapata zamu.

Flamenco Sketches ndiyo sababu ya kuinunua albamu. Haina kiini kilichoandikwa. Ina skeli tano kwa mpangilio, na kila mpigaji anakaa kwenye kila moja kwa muda anaoutaka. Sikiliza namna Adderley anavyokawia kwenye ya nne, yenye harufu ya Hispania, na namna Coltrane anavyosubiri kabla ya kuiacha yoyote. Davis anafungua na kufunga, tarumbeta imezibwa mwanzo hadi mwisho.

Toleo la 1997 liliongeza jaribio jingine la wimbo huo mwishoni. Lina thamani kwa anayetaka kulinganisha solo, lakini likicheza mara tu baada ya la kwanza linafuta ukimya uliobaki hewani. Weka kichezeo kisimame kwenye wimbo wa tano, na lile la sita lisikilize siku nyingine.