Darubini ya mtumba, 8x42: nimeijaribu Ras Kiromoni

Nilizunguka Kariakoo siku mbili nikitafuta darubini ya kutazamia ndege wa pwani. Kila duka wananitolea zile mpya zenye maandishi makubwa, eti inavuta mara hamsini. Mwaka jana niliuziwa kama hiyo, na ufukweni sikuona kitu zaidi ya ukungu unaotetemeka. Safari hii nimechukua ya mtumba, 8x42, elfu tisini baada ya kuvutana sana bei. Hiyo 8 ni mara inazovuta, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ikizidi mara kumi, mkono mtupu hauwezi kuituliza. Kabla ya kulipa, mulika ndani kwa tochi ya simu: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba nilipanda daladala hadi Tegeta, bodaboda mpaka Ununio, nikatembea mpaka kwenye rasi, pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam. Upepo wa kusi umelegea, maji yanajaa. Hapo ndipo panaponoga, maana maji yakipwa ndege hutawanyika mbali kwenye tope, yakijaa huwasogeza karibu nawe.

Wa kwanza sululu. Marehemu babu alikuwa mvuvi, alimtambua kwa ile filimbi yake ya haraka haraka kabla hajamwona. Mimi sasa nahesabu mistari ya utosini. Akachomoa kaa shimoni kwa ule mdomo uliopinda chini, akamtikisa mpaka miguu ikadondoka mmoja mmoja, ndipo akammeza. Sululu nawajua tangu utotoni, ila hilo sikuwahi kuliona.

Kisha chamchanga, wale ndege wadogo wa ufukweni, kundi zima, kijivu watupu, isipokuwa mmoja: tumboni bado ana mabaka ya rangi ya kutu. Ni vazi lake la kuzalia huko Siberia, anamalizia kulivua kwetu. Nilikaa naye karibu nusu saa.

Kasoro zipo. Ni nzito, mpaka mchana shingo ilikuwa inauma, na raba ya jicho la kulia imelegea. Tena haizuii maji, kwa hiyo ukirudi ipanguse kwa kitambaa chenye maji yasiyo ya chumvi kabla chumvi haijakauka, la sivyo inakwaruza vioo.

Wiki ijayo ni bamvua, yale maji makubwa, na maji yatajaa kama saa kumi jioni. Nitaondoka saa saba na binti yangu, na darubini ataivaa yeye.