Dawati la malalamiko la mradi wa barabara: tathmini ya mtumiaji baada ya miezi 16

Kwa miezi 16 barabara ya vumbi inayopita katikati ya kijiji chetu, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ilikuwa mikononi mwa mkandarasi, na kwa muda wote huo palikuwa na dawati la kupokea malalamiko ya wananchi walioguswa na ujenzi. Nimelitumia dawati hilo mara tano, mara mbili kwa mambo yaliyonihusu mwenyewe na mara tatu nikiwasindikiza majirani ambao kuandika kunawapa tabu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wanavijiji wa kwingine ambao greda bado halijawafikia, ili wajue huduma ya aina hii inaweza nini na inashindwa wapi, na waanze kuidai ikiwa kamili tangu siku ya kwanza. Majina ya mradi, mkandarasi na ofisi nimeyaacha, kwa sababu ninachokipima ni huduma yenyewe. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Kwenye karatasi, huduma ilikuwa na sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani nje ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, namba ya simu ya afisa maendeleo ya jamii wa mradi, na kamati ya watu saba iliyochaguliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, watatu kati yao wakiwa wanawake. Wengi wetu mwanzoni tuliliona dawati kama hisani ya mkandarasi, tukawa tunakwenda pale kwa unyonge, kofia mkononi. Ukweli ni kwamba miradi ya barabara inayojengwa kwa mikopo ya nje hufungwa na masharti ya kulinda jamii. Benki ya Dunia, kwa mfano, tangu Oktoba 2018 inatumia viwango kumi vya mazingira na jamii kwa miradi mipya, na viwango hivyo vinamtaka mkopaji aweke utaratibu wa malalamiko ambao wananchi wanaufahamu na wanaweza kuufikia bila gharama. Mwananchi anayekwenda dawatini anakwenda kudai kitu kilichokwisha kuahidiwa kwa maandishi, na ningependa kila kijiji kianze na ufahamu huo.

Sanduku halikufaa kitu. Ufunguo wa kufuli lake ulikaa kwenye kambi kuu ya mkandarasi, kilomita 17 kutoka kijijini, na lilifunguliwa pale tu afisa alipopata usafiri. Mama mmoja wa kitongoji cha bondeni alitumbukiza karatasi yake mwanzoni mwa Novemba kueleza kwamba mdomo wa kalavati jipya, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, umeelekezwa kwenye shamba lake la viazi. Mvua kubwa za Desemba zikaja, zikakata mfereji katikati ya matuta na kuondoka na udongo wa juu, na karatasi yake ilikuwa bado imo ndani ya sanduku. Siku ya kulifungua zilikutwa karatasi tisa, mbili zikiwa zimelowa hadi wino umetoka. Aliyeandika hakuwa na kitu chochote mkononi cha kuonyesha kwamba amewahi kulalamika, na hapo ndipo watu walipoacha kulisogelea.

Mambo yalibadilika mwezi wa sita wa mradi, alipoletwa afisa mwingine, naye akaja na daftari la kurasa za nakala tatu zenye kaboni. Mlalamikaji anaeleza shida yake, afisa anaandika na kumsomea alichoandika, kisha nakala ya njano anapewa mlalamikaji, ya waridi inakwenda kwa mhandisi mshauri, na nyeupe inabaki daftarini. Juu ya kila nakala pana namba ya shauri, na chini kabisa pana mstari wa tarehe ambayo mlalamikaji atarudi kuchukua jibu. Daftari hilo, ambalo bei yake dukani haizidi bei ya kuku mmoja, ndilo lililoifanya huduma iwe huduma. Mtu akiwa na karatasi yenye namba na tarehe anarudi siku hiyo akiuliza juu ya namba yake, na afisa analazimika kujibu, kwa kuwa nakala ya waridi imeshafika kwa anayesaini hati za malipo ya mkandarasi. Shauri la shamba la viazi liliandikwa upya siku ya kwanza ya daftari. Siku ya tatu msimamizi wa kazi alifika akiwa na kamba ya kupimia, na kabla ya wiki mbili kupita mtaro ulikuwa umerefushwa kwa mawe na saruji hadi kwenye korongo, mita 40 hivi, maji yakaacha kupita shambani.

Kero za kila siku zilishughulikiwa vizuri baada ya hapo. Boza la maji lililokuwa likipita mara mbili kwa siku lilianza kupita mara nne katika miezi ya upepo, likianzia mbele ya zahanati na kwenye vibanda vya mama lishe. Mitaro mirefu iliyokuwa imezikata njia za kuingilia nyumba 11 iliwekewa vivuko vya zege, ingawa mzee mmoja anayetembelea magongo alikuwa amekwisha kukaa ndani siku tisa bila kutoka. Matuta ya kupunguza mwendo karibu na shule yalijengwa kabla ya lami kumwagwa. Kwa mambo haya ningetoa nyota zote tano bila kusita.

Nyota ya kwanza iliyokosekana ilipotelea kwenye ardhi na mazao. Kisheria msingi uko wazi. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda haki ya mtu kumiliki mali na inakataza kumnyang'anya bila fidia inayostahili; Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kucheleweshwa; na kanuni za fidia za 2001 hazihesabu ardhi na majengo pekee, bali pia posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida ya biashara inayopotea kwa miezi 36 vilevile. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaongeza kwamba malipo yakipita miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba inaanza kuhesabiwa. Kwenye barabara kuu wananchi wamezoea kuona nyumba zikiwekwa alama ya X, ya kijani kwa mwenye kustahili fidia na nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, na kila mtu anajua rangi yake ina maana gani.

Kwenye barabara ndogo za vijijini, hata hivyo, mara nyingi hakuna rangi wala mthamini. Kuna kile kinachoitwa kuchangia ardhi kwa hiari: barabara inapanuliwa mita mbili tatu kila upande, kila mwenye shamba anaombwa aachie ukanda huo kwa faida ya wote, na fomu inaletwa kusainiwa. Sipingi jambo hilo kwa ujumla wake. Mimi mwenyewe niliachia ukanda wa migomba nikiwa na furaha, kwa kuwa nimeshuhudia mgonjwa akibebwa kwenye machela kwa saa nne wakati wa masika. Ninachopinga ni namna hiari hiyo ilivyopatikana. Fomu zililetwa katika mkutano wa hadhara, wakaulizwa wanaokubali wanyooshe mikono, kisha wakaitwa mmoja mmoja mbele kutia saini au dole gumba. Nani ataubakiza mkono chini mbele ya mwenyekiti, mchungaji na majirani ambao kesho atawahitaji msibani? Viwango vya Benki ya Dunia nilivyovitaja vinasema mtoaji aelezwe chaguo alizonazo, ajue kwamba kukataa kunaruhusiwa, athibitishe kwa maandishi, kipande kiwe kidogo kiasi cha kutopunguza riziki yake, na pasiwe na kaya ya kuhama. Hakuna hata sharti moja kati ya hayo lililosomwa siku ile.

Jirani yangu, mjane, aliweka dole gumba kwa kile alichoambiwa ni "kipande cha pembeni". Kipande hicho kilikuwa na miparachichi 14 ya kupandikiziwa, ya miaka minne, ambayo ndiyo kwanza imeanza kuzaa. Kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kilipofika asubuhi ile aliomba apewe hadi jioni achume matunda hata kama hayajakomaa, na dereva, kijana mwenye adabu, alizima mashine na kumsubiri hadi saa sita. Tulihesabu magunia mawili ya parachichi changa, ngumu kama mawe, ambazo hakuna mnunuzi aliyezitaka. Nilimsindikiza dawatini na shauri lake likaandikwa namba 23. Jibu lililorudi lilikuwa na mstari mmoja: suala liko nje ya uwezo wa dawati kwa kuwa mlalamikaji alitoa kwa hiari. Kamati ya kijiji ililipeleka shauri wilayani, na baada ya miezi mitano alipewa miche 30 na mbolea ya kupandia. Ni msaada wa kweli na anaushukuru, lakini mche wa leo utazaa baada ya miaka mitatu, na karo ya mwanawe inatakiwa Januari.

Ningeshauri miradi ijayo ipeleke fomu ya kuchangia ardhi nyumbani kwa mhusika, wakiwepo mume na mke au watoto wakubwa, iachwe kwa wiki moja kabla ya kusainiwa, na miti na mazao yaandikwe kwenye ukurasa wake wenyewe na kuthaminiwa hata pale ardhi inapotolewa bure. Dawati lipewe uwezo wa kusimamisha kazi kwenye ukanda wenye mgogoro kwa siku chache, maana baada ya kijiko kupita hakuna jibu linaloweza kuusimamisha tena mti.

Nyota ya pili ilipotea kwa sababu ya mahali dawati lilipowekwa. Lilikuwa barazani, hatua mbili kutoka kwenye benchi wanalokaa watu wanaosubiri mihuri ya mtendaji, na kila neno lilisikika. Kwa kalavati na vumbi si tatizo. Kwa binti aliyesumbuliwa na mfanyakazi wa kambini ni mlango uliofungwa. Na hili linajulikana kwa miradi ya barabara tangu zamani kidogo: magharibi mwa Uganda, kwenye barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal yenye kilomita 66, wananchi wa Bigodi na vijiji jirani walipeleka malalamiko yao hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, linalopokea malalamiko ya watu walioumizwa na miradi ya benki hiyo, wakieleza juu ya wafanyakazi kuwatumia kingono wasichana wadogo, mimba na watoto kuacha shule, pamoja na vumbi na fidia ya ardhi isiyotosha, na Desemba 2015 benki hiyo ikafuta fedha zake kwa mradi. Tangu hapo hakuna anayejenga barabara kwa mkopo wa nje anayeweza kusema kwamba hatari hiyo hakuijua.

Kwetu, lango la kambi ndogo ya wafanyakazi lilikuwa karibu na njia ya shule, na jioni wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wakiuza mahindi ya kuchoma pale hadi giza linaingia. Nililiandikisha hilo, likawa namba 31. Hatua zilichukuliwa kwa haraka: kambi ilikatazwa kununua chochote kwa mtoto, biashara ya langoni ikapewa kikundi cha akina mama, na wafanyakazi wakasainishwa upya kanuni za maadili mbele ya kamati. Lakini mpokeaji wa siri, yaani muuguzi wa zahanati na mwalimu mmoja wa kike wenye daftari lao la pembeni lisilo na majina, walipatikana mwezi wa kumi wa mradi, wakati walipaswa kuwepo kabla ya lori la kwanza kuingia. Bango la dawati nalo lilikuwa na namba ya afisa tu. Lingepaswa kuwa na namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na maelezo ya kulifikia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa sababu kufanya ngono na mtoto ni jinai na haimalizwi kwa kikao cha familia wala kamati ya barabara.

Limebaki shauri namba 37, langu pia. Kifusi cha kujengea tuta la barabara kilichimbwa kwenye mlima ulio nyuma ya shule ya msingi, na shimo lililobaki baada ya kuchimba moramu, yaani kifusi hicho, lina kina cha kumzidi mtu mzima mara mbili. Nililiandikisha mwezi wa kumi na tatu wa mradi, nikajibiwa kwamba mashimo yote yatasawazishwa na kupandwa nyasi mwishoni mwa kazi. Kambi ilivunjwa, mitambo ikapakiwa, na wiki hiyohiyo dawati nalo likafungwa, ingawa kipindi cha uangalizi wa kasoro katika mkataba, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake, ni mwaka mzima na sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imezuiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Dawati lilipaswa kubaki wazi hadi siku fedha hiyo itakapoachiliwa, kwa kuwa ndiyo nguvu ya mwisho waliyo nayo wananchi. Kwa sasa kamati yetu imeomba kwa barua kwamba mtendaji alitunze daftari na aendelee kupeleka nakala za waridi kwa mhandisi, naye amekubali. Mvua za kwanza zimeshanyesha, na shimo lina maji yanayofika kifuani mwa mtoto wa darasa la nne. Tumelizungushia miiba na kamba, na walimu wanapokezana kusimama pale wakati wa mapumziko. Nakala yangu ya njano imeandikwa nirudi kuchukua jibu Jumatatu ijayo.